Kuwachagulia Wenza Samaki Wakubwa Walao Nyama: Niliyojifunza kwa Tangi Nililoachiwa Unguja

Kaka yangu alipohamia Maskati na familia yake aliniachia funguo za nyumba ya wazee iliyoko Mji Mkongwe, na ndani ya nyumba hiyo tangi la samaki lenye urefu wa futi 6, upana wa futi 2 na kina cha futi 2, samaki wake wakiwemo. Wakati ule samaki wa baharini nilikuwa nawajua kama anavyowajua mtu yeyote aliyekulia Unguja, yaani sokoni na mezani, lakini wa maji baridi wanaofugwa nyuma ya kioo walikuwa wageni kwangu kabisa. Naandika haya kwa sababu wamezidi watu wanaonipigia simu kuniuliza samaki gani anaweza kukaa na oska wao au arowana wao, samaki wakubwa wa maji baridi walao nyama, na wengi huuliza wakiwa wameshamnunua huyo mwenza na wameshamtia majini.

Ndani ya tangi mlikuwa na oska wawili wa ukubwa wa kiganja, arowana mmoja wa rangi ya fedha aliyezidi kidogo urefu wa rula ya shule, pangasi mmoja ambaye muuzaji alimwita papa, pleko mmoja wa kusafisha kioo, kundi la silva dola wadogo, samaki bapa wa rangi ya fedha, na kambale mkia mwekundu ambaye kaka alimpenda kuliko wote. Walinunuliwa Dar es Salaam wakiwa wadogo, wakavushwa kwa boti katika mifuko ya plastiki, na muuzaji alimhakikishia kaka kwamba hawatadhuriana kwa kuwa watakua pamoja. Hoja hiyo nimeisikia tena na tena tangu hapo, na ningependa msomaji aiondoe akilini kabla hajafungua pochi. Samaki mla nyama hajui udugu wa kulelewa tangi moja. Mwenzake akiwa anaingia mdomoni atamezwa, hata kama wamelala pembe moja mwaka mzima.

Silva dola walianza kupungua mmoja mmoja. Hapakuwa na mzoga, wala magamba yaliyotawanyika, wala pezi lililochanika, kwa hiyo nyumbani lawama zilimwendea paka wa jirani. Alfajiri moja baada ya sala niliwasha tochi ya simu nikamkuta kambale ametulia chini ya gogo, tumbo limemvimba upande mmoja, na ncha ya mkia wa fedha imechomoza baina ya sharubu zake. Alikuwa hajamaliza kumeza. Binti yangu, ambaye silva dola wale alikuwa amewapa majina ya shangazi zake, alilia siku nzima na kwa muda mrefu hakutaka kukanyaga chumba kile. Mimi mwenyewe nilihuzunika kuliko nilivyotarajia, maana kambale yule hakuwa na kosa. Alifanya lile ambalo maumbile yake yanamtaka alifanye, na aliyewakutanisha ni binadamu.

Aliyenifumbua macho ni ami yangu, mvuvi wa siku nyingi wa Malindi ya hapa Mji Mkongwe, ambaye hajawahi kufuga samaki hata mmoja. Nilipomsimulia kisa cha kambale alinichukua mpaka sokoni, mahali chewa walipokuwa wamelazwa sakafuni wakingoja mnada, akamfungua mmoja kinywa kwa vidole viwili na kuingiza ngumi yake. Ngumi ikazama yote. "Tazama, mwanangu," alisema, "huyu akifumba mdomo humdhanii. Watu hutazama meno, na meno yake si kitu, tazama upana." Kisha akanieleza kwamba chewa hapotezi nguvu kumkimbiza windo lake masafa marefu. Humsogelea taratibu, hufungua kinywa kwa ghafla, maji yakaingia kwa kishindo, na kilichomo ndani ya maji hayo huingia nayo. Kufumba na kufumbua, kimekwisha.

Oska huwinda hivyo hivyo, na kambale mkia mwekundu hivyo hivyo. Ndiyo maana mwenza wa samaki wa aina hii hapimwi kwa urefu peke yake. Hupimwa kwanza kimo cha mwili, kutoka mgongoni hadi tumboni, kisha unene wake, halafu vyote viwili hulinganishwa na mdomo wa mwindaji ukiwa umefunguka, na njia rahisi ya kuuona umefunguka ni kumtazama anapokula. Samaki mwembamba wa sentimita 15 anaweza kuingia mdomoni mwa oska wa sentimita 25 akikunjwa kidogo tu, na hapo hapo silva dola wa sentimita 12, ambaye ni bapa na kimo chake kinakaribia urefu wake, akasalimika. Ninachoshika mimi ni kwamba mwenza asipungue theluthi mbili za urefu wa mwindaji, na kimo cha mwili wake kizidi upana wa ule mdomo. Akikosa mojawapo simtii. Kwa makambale wakubwa wa Amazon hata kipimo hicho hakinipi imani, kwa sababu mdomo wao unakaribia upana wa kichwa kizima na tumbo lao hutanuka kupita unavyoweza kukisia.

Baada ya kutoka Malindi nilikaa na daftari nikaandika ukomo wa kila samaki niliyeachiwa, yaani ukubwa anaoufikia akiwa mzima. Oska hufika sentimita 30 hadi 35, na katika mwaka wake wa kwanza, akila vizuri, huongeza sentimita 2 au zaidi kila mwezi. Arowana wa fedha hufika sentimita 90. Pangasi, yule aliyeitwa papa, hupita mita 1, na kambale mkia mwekundu vilevile hupita mita 1 akiwa na mwili mzito ajabu. Pleko wa kawaida, ambaye watu humnunua akiwa na urefu wa kidole, hufika sentimita 40. Tangi lenye upana wa sentimita 60 halimpi samaki wa sentimita 90 hata nafasi ya kugeuka, sembuse wawili wanaozidi mita.

Wauzaji wana jibu lao kwa hesabu hii: husema samaki hukua kulingana na tangi. Si kweli, na ni maneno yanayoua samaki wengi kuliko ugonjwa wowote ninaoufahamu. Maji yaliyojaa taka zake mwenyewe na nafasi finyu humdumaza samaki. Mwili hukwama, uti wa mgongo hupinda, na hufa mapema. Oska anayetunzwa ipasavyo huishi miaka 10 na zaidi. Anayekufa akiwa na miaka miwili akiwa mdogo hajafuata tangi, amedhulumiwa.

Nilifikiria kununua tangi kubwa zaidi. Fundi niliyemwita alinikataza kabla hata hajatoa kamba ya kupimia. Tangi nililo nalo hubeba karibu lita 650, yaani kilo 650 za maji peke yake, bila kioo, mawe na meza ya chuma, na ghorofa za juu za nyumba za Mji Mkongwe zimelazwa juu ya boriti za mikoko zilizobeba mawe na chokaa kwa miaka mingi. Hakuna anayejali watu wanaolala chini atakayeweka uzito kama huo juu yake. Chumba cha chini nacho ni chembamba, kama vilivyo vyumba vingi vya nyumba hizi, kwa kuwa upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti zilizopatikana. Basi nyumba ndiyo iliyokata shauri la ukubwa wa tangi, na tangi likakata shauri la nani abaki.

Kambale na pangasi iliwabidi waondoke. Kumweleza kaka kwa simu kulinielemea kuliko kazi ya kuwatoa majini. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama kambale bado anakula kamba mkononi mwa mtu. Nikamwambia bado. Akasema, "Basi mtafutie mahali pazuri," na hatukuzungumza zaidi siku hiyo. Mahali penyewe palikuwa adimu, kwa sababu samaki wa aina hii akiwa mdogo kila mtu anamtaka, na akishakuwa mkubwa hana mnunuzi wala wa kumpokea bure. Hatimaye alipatikana mtu mwenye bwawa la saruji shambani, refu, lenye kivuli na ukingo wa kuzuia kurukaruka, asiyefuga vifaranga vya samaki ndani yake, naye akakubali kuwachukua wote wawili.

Katika kungoja huko, zaidi ya mtu mmoja alinishauri kwa nia njema nimpeleke kambale Mto Mwera nikamwachie huko. Nilikataa, na naomba kila mfugaji akatae. Kwetu Afrika Mashariki tunao ushahidi ulio wazi wa kinachotokea mwindaji mgeni anapotiwa kati ya samaki wasiomjua. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, ziwa lililokuwa na mamia ya aina za furu, wengi wao wakiwa wadogo wa kimo kinachoingia mdomoni mwake. Kufikia miaka ya 1980 sangara alikuwa amelitawala ziwa, na aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka, uchafuzi wa maji nao ukiwa umesaidia kuzimaliza. Dagaa wa ziwa lile alisalimika kwa kuwa huzaana upesi mno. Mito yetu ya Unguja ni mifupi na maji yake ni machache. Haiwezi kubeba jaribio kama hilo.

Kuondoka kwa wale wawili kulinipa nafasi ya kuyatazama maji, na hapa Unguja ina mambo yake. Maji ya visima vyetu hupita katika mawe ya matumbawe, kwa hiyo ni magumu na yameelekea upande wa alkali. Oska na siklidi wengi wakubwa, yaani samaki wa jamii moja na perege na furu, huyavumilia. Shida iko kwenye amonia, ambayo samaki huitoa kupitia matamvua na ambayo pia hutokana na kinyesi na chakula kilichooza. Kadiri maji yanavyokuwa na alkali zaidi na joto zaidi ndivyo sehemu kubwa ya amonia hiyo inavyogeuka kuwa sumu kali. Samaki wakubwa walao nyama hula protini nyingi na kuchafua maji kupita kiasi, hivyo kila mwenza unayemwongeza analeta pia mzigo wake wa amonia. Idadi ya samaki inayovumilika katika maji laini na ya baridi kidogo inaweza kuwa hatari katika maji ya kisima cha Unguja wakati wa kaskazi.

Joto lina ubaya mwingine, kwamba maji yakipata moto hushika oksijeni kidogo. Usiku mmoja wa kaskazi umeme ulikatika, chujio likasimama na pampu ya hewa ikasimama. Niliposhuka na taa nilikuta oska wote wawili wako juu, midomo imegusa uso wa maji, matamvua yakienda mbio, na arowana ametanda karibu nao bila kusogea. Mimi na mke wangu tulikesha tukichota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu ili yachukue hewa. Kabla ya adhana ya alfajiri yule oska mdogo alikuwa amekufa. Sisi watu wa Unguja tunaukumbuka mwaka 2008, kisiwa kilipokaa gizani karibu mwezi mzima, na tena mwishoni mwa 2009 umeme ulipopotea kwa miezi kama mitatu. Anayefuga samaki wakubwa hapa hana budi kuyahesabu mambo hayo wakati anapohesabu samaki. Tangu usiku ule nina pampu mbili za betri na betri kubwa yenye inveta, na idadi ya samaki wangu naipima kwa usiku usio na umeme: je, wakizimiwa kila kitu kwa saa sita, watafika asubuhi?

Waliobaki walikuwa oska mmoja, arowana na pleko. Hapo ndipo kazi yenyewe ya kuchagua wenza ilipoanza, na nilijipa muda wa kuuliza na kutazama kabla ya kununua.

Jambo la kwanza nililotazama ni tabaka la maji ambalo kila samaki huishi. Arowana ni wa juu. Mdomo wake umeelekea angani na kwao Amazon huruka nje ya maji kukamata wadudu walioko matawini. Oska ni wa katikati. Chini palikuwa patupu. Samaki wanaokaa matabaka tofauti hukutana mara chache, hasa wakati wa kula, na ugomvi mwingi wa tangini huzuka hapo. Kwa chini nilimchagua bichiri, samaki mrefu mwenye magamba magumu ambaye asili yake ni maji ya Afrika, tangu Senegali hadi Mto Nile. Ana aina ya mapafu na hupanda juu kupiga funda la hewa, sifa ambayo kwetu ni neema kubwa. Umeme umekatika tena baada ya yeye kuja, nami nimemwona akipanda, akavuta hewa, akarudi zake chini bila wasiwasi. Anafika sentimita 30 hivi, haoni vizuri, hutafuta chakula kwa kunusa, na ni mpole kwa kila asiyeingia mdomoni mwake. Upole huo una gharama: ni mzito wa kula. Oska humaliza kila kitu kabla bichiri hajajua kuwa chakula kimeshuka, kwa hiyo namlisha usiku, taa zikiwa zimezimwa, vipande vya kamba vinavyozama hadi karibu na pua yake. Mtu asiye na subira ya kufanya hivyo kila mara asimnunue.

Silva dola niliwarudisha, safari hii wakiwa na upana wa kisahani, wakiwa kundi, kwa sababu mmoja au wawili huishi kwa hofu. Nilishangazwa na mabadiliko ya oska. Kabla yao alikuwa akijibanza nyuma ya gogo kila mtu alipopita. Walipoanza kuogelea wazi katikati ya tangi, naye alitoka. Samaki hawa ni wala majani, hawashindanii nyama naye, na wakitembea kwa utulivu humpa oska dalili kwamba hakuna hatari. Anayetaka kupamba tangi kwa mimea asahau habari yao, maana watakula kila jani.

Pleko nilifikiri hana tatizo mpaka nilipoona mabaka ya mviringo ubavuni mwa oska, ute umeondoka na magamba yamekwaruzwa. Usiku nilimulika kwa tochi hafifu nikamkuta pleko amejibandika kwenye ubavu wa oska aliyelala, ananyonya ute wake. Tabia hii huwapata zaidi wale wenye njaa na wale wanaokaa na samaki wenye ubavu mpana. Nilianza kumwekea kipande cha boga lililochemshwa kidogo na tango lililofungwa kwenye jiwe kila taa zinapozimwa, na mabaka yakapona. Asiyetosheka na chakula chake atengwe, kwa sababu jeraha la ubavuni ni mlango wa ukungu na bakteria.

Gogogo sikumtaka, ingawa ni samaki mzuri wa maziwa yetu ya bara na ni mgumu wa kufa. Miiba yake ya mgongoni na ya mapezi ya pembeni husimama na kujifunga inapokuwa wima, na akimezwa hukwama kooni. Rafiki yangu wa Kiembesamaki alimpoteza oska wake wa miaka mingi kwa namna hiyo. Wote wawili walikufa, aliyemeza na aliyemezwa. Miiba haimlindi mwenza kama watu wanavyodhani, kwa sababu mwindaji huigundua akiwa ameshachelewa. Gogogo mkubwa aliyepita kabisa kipimo cha mdomo ni habari nyingine, lakini wanaouzwa karibu wote ni wadogo.

Kijana mmoja wa mtaani aliniletea perege kutoka bwawa la shamba, na kwa kimo alikuwa amepita kipimo. Mambo ya perege na siklidi wengine wakali ni ya mipaka. Dume alichimba changarawe pembeni, akajitengenezea kitanda, na kila aliyekaribia alifukuzwa. Oska, aliyemzidi ukubwa, akabanwa kwenye kona, rangi ikamwiva nyeusi na akakataa kula. Nilimtoa perege. Siklidi wakubwa wenye hasira, kama jaguar wa Amerika ya Kati, mara nyingi hufaa kukaa peke yao, na mfugaji asione haya kumwacha samaki wa namna hiyo bila mwenza. Hafungwi na upweke kama sisi. Anachokihitaji ni maji safi na nafasi.

Kuhusu samaki wa dhahabu, ambao wengi huwatia kama wenza na hatimaye wakawa chakula, sababu za kuwakataa ni nyingi. Hupenda maji ya baridi zaidi, huleta vimelea, na miilini mwao mna kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, hivyo mwindaji anayewala kwa mazoea hudhoofika. Oska wangu hula punje za dukani kama chakula cha msingi, kamba wabichi wa Darajani waliomenywa, na minyoo ya ardhini kutoka mahali pasipotiwa dawa. Nyama ya ng'ombe simpi, kwa kuwa mafuta yake hayamfai samaki. Mwindaji aliyeshiba kwa ratiba hana pupa na wenzake, lakini shibe haigeuzi kipimo cha mdomo.

Namna ya kumwingiza mwenza mpya nayo inataka utaratibu. Mgeni hukaa kwanza kwenye pipa la plastiki lenye chujio dogo kwa wiki mbili hadi nne, ili ugonjwa wa madoa meupe na vimelea vingine vijitokeze huko, mbali na wenyeji. Siku ya kumhamisha nawalisha wenyeji, kisha nahamisha mawe na magogo yote ili kila mmoja apoteze alama za eneo lake, ndipo namtia mgeni na kuzima taa. Usiku wa kwanza silali mbali. Kukimbizana kidogo ni kawaida. Pezi lililochanika hadi kwenye shina, samaki aliyejibana juu pembeni, au anayekataa chakula mfululizo, hizo ni dalili za kumtoa bila kungoja. Ndiyo maana lile pipa linabaki na maji yaliyo tayari hata mgeni akishahama. Mfuniko nao uwe mzito. Usiku mmoja mjusi kafiri alishuka ukutani kufuata wadudu wa taa, arowana akaruka kumfuata, akaugonga mfuniko kwa kishindo kilichotuamsha sote. Alipoteza magamba machache ya kichwani, na laiti mfuniko ule ungekuwa wa plastiki nyepesi angekutwa sakafuni.

Kwa upande wa fedha, samaki ni sehemu ndogo. Chujio la pili, pampu za betri, inveta na betri yake vilinigharimu zaidi ya samaki wote niliowahi kununua, na mwaka mzima kuna bili ya umeme, kamba, na vipimo vya maji vinavyoagizwa Dar es Salaam. Kuna pia kazi: theluthi moja ya maji hubadilishwa kila wiki, na ikiwa ni ya mferejini yenye klorini hulazwa kwanza kwenye pipa wazi huku pampu ya hewa ikifanya kazi, kwa sababu klorini huua bakteria wa chujio wanaokula amonia. Wanaosafirisha samaki kwa boti wakumbuke kuwanyima chakula siku moja kabla, kujaza mfuko maji theluthi na oksijeni theluthi mbili, na kuwatilia mifuko miwili wale wenye miiba.

Arowana wangu sasa amezidi sentimita 60, amepita upana wa tangi, na hugeuka kwa kujikunja. Muda wake kwangu umefika mwisho. Mwenye hoteli mmoja wa pwani ya mashariki anajenga bwawa la ndani na ameniuliza amwekee samaki gani pamoja naye; nimemwomba kwanza anitumie urefu, upana na kina, aina ya maji aliyonayo, na jina la mfanyakazi atakayebadilisha maji hayo kila wiki. Vipimo vikiridhisha, arowana atakwenda peke yake, baada ya chujio la bwawa kufanya kazi wiki sita, na habari ya mwenza tutaizungumza atakapokuwa amezoea kula huko.